Sikumbuki niliyopitia utotoni, mbona mwili wangu unakumbuka?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 33, nimeolewa, na nina binti wa miaka minne. Haya ninayokuandikia sijawahi kumsimulia mtu yeyote kwa mpangilio, kwa hiyo nivumilie nikirukaruka.

Baba yangu alikuwa mlevi na alikuwa akimpiga mama. Hilo nalijua kwa kuambiwa tu. Nilipokuwa na miaka miwili hivi mama alikimbia. Mimi na kaka yangu tukabaki na baba kwa muda, kisha nikapelekwa kwa ndugu ambaye hakuficha kwamba nilikuwa mzigo kwake, nikakaa huko hadi mama aliponichukua nikiwa na miaka sita. Kaka yangu amenizidi miaka mitano. Ndiye aliyenisimulia kwamba usiku tulikuwa tukisikia funguo zikigongana mlangoni, naye ananivuta tunaingia chini ya kitanda, ananiziba mdomo nisilie. Alinisimulia huku akicheka. Mimi picha hiyo sina. Nina vipande viwili tu: mstari wa mwanga chini ya mlango, na ubaridi wa sakafu shavuni. Navyo sijui kama ni vyangu kweli au nimevitunga baada ya kusimuliwa.

Mume wangu ni mpole, hajawahi kuninyooshea hata kidole. Lakini jioni akitia ufunguo kwenye kitasa, moyo unaanza kunidunda. Nikija kujitambua nimeshasimama, nimeshakagua sebule nzima kuona kama kuna kitu kimekaa vibaya, na jasho jembamba linanitoka. Akinikumbatia nakakamaa. Ameanza kusema simpendi.

Kilichonifanya niandike ni binti yangu. Wiki iliyopita alimwaga kikombe cha maji juu ya karatasi zangu za kazi. Nilimpigia kelele ambazo hata mimi sikuzitambua kuwa ni zangu. Hakulia. Alisimama wima, akanitazama usoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi mzuri?" Tangu siku hiyo naona kila anapotaka kucheka ananiangalia kwanza. Shangazi, naambiwa nami nilikuwa hivyo hivyo. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na usiku silali nikifikiria huyu wangu atakuwa nani.

Nilipomgusia mama yangu, alisema nilikuwa mdogo mno, siwezi kuumia kwa jambo nisilolikumbuka, na yaliyopita si ndwele. Mtandaoni nilijibu yale maswali kumi ya kupima madhila ya utotoni, nikapata alama sita, kisha nikasoma kwamba watu wa alama hizo hufa mapema. Na kuna mtu anayejiita mtaalamu aliyenihakikishia kwamba kumbukumbu zangu zimefungiwa ndani na nisipozifungua kwa vikao vyake sitapona kamwe. Nianzie wapi? Nimsamehe mama kwanza? Au nimeshachelewa?

Anayekagua sebule


Marahaba mwanangu.

Nitaanza na binti yako. Mengine yote yanaweza kusubiri mwezi mmoja zaidi, hilo ni la wiki hii.

Alikuuliza, "Mama, mimi mzuri?" Wewe umelisikia swali hilo kama hukumu. Mimi nimelisikia vingine. Mtoto aliyekwisha kumkatia tamaa mzazi wake hamuulizi kitu. Anajikunyata, anajijibu mwenyewe, na jibu la mtoto wa umri huo huwa moja tu: kosa ni langu. Wa kwako amekuletea swali wewe uleule uliyemtisha. Bado anakuhesabu kuwa ndiwe wa kukimbilia. Hukuniambia ulimjibu nini, nami nahisi hukumjibu, uliganda. Basi mjibu sasa, hata kama siku zimepita.

Tafuta wakati mmetulia wote wawili, si wakati wa kumharakisha kuoga. Kaa chini ili macho yenu yawe usawa mmoja. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: "Siku ile ulipomwaga maji, mama alipiga kelele sana. Ulishtuka. Maji yalimwagika kwa bahati mbaya. Kupiga kelele vile lilikuwa kosa la mama, si lako. Wewe ni mzuri, na nakupenda hata nikiwa nimekasirika." Halafu nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe uwe mwangalifu," kwa sababu hicho kipande cha mwisho ndicho atakachoondoka nacho. Usiangue kilio mpaka yeye ndiye aanze kukufuta machozi; hapo utakuwa umempa kazi ileile uliyopewa wewe, ya kumchunga mtu mzima. Na habari za babu yake bado si za masikio ya miaka minne. Akikuuliza tena kesho, mjibu tena vilevile. Watoto huuliza mara nyingi kitu kimoja ili waone kama jibu litabadilika.

Huenda unaona maneno hayo ni madogo mno kwa tatizo kubwa kiasi hiki. Ngoja nikueleze ninachokitegemea. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba kina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha kwa dakika chache wawatazame bila kuonyesha hisia yoyote usoni. Vichanga vile vilitabasamu, vikanyoosha mikono, vikapiga kelele, vikajaribu kila mbinu, na mwishowe vikageuza uso. Habari hiyo imeenea sana na imewatia hofu wazazi wengi. Isiyoenea ni ile nyingine aliyoigundua alipochunguza michezo ya kawaida kati ya mama wenye malezi mazuri na watoto wao: hisia zao huwa zinakwenda sambamba kwa takriban asilimia 30 tu ya muda. Muda mwingine wote ni kupotezana na kupatana tena. Mama anatazama pembeni mtoto anapotaka mchezo, mtoto anachoka mama akiwa ndiyo kwanza amechangamka, kisha wanarekebisha. Huko kurekebisha ndiko kunakomfundisha mtoto kwamba mambo yakiharibika kati yangu na mtu ninayempenda, hutengenezeka.

Sasa jiulize wewe ulikosa nini hasa katika ile miaka ya mwanzo. Kelele zilikuwepo, ndiyo, na kipigo, na kuachwa. Lakini zaidi ya hayo, hakuna mtu mzima aliyerudi baadaye akakuambia lile lilikuwa kosa langu, si lako. Jambo hilo una uwezo wa kumpa binti yako kuanzia leo, kabla hujapona hata robo.

Na hiyo methali ya mtoto umleavyo, uisome vizuri. Inazungumzia malezi, kitu kinachofanywa siku baada ya siku kwa miaka. Haizungumzii jioni moja ya kikombe cha maji.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hujawahi kuambiwa. Mwaka 1975 Selma Fraiberg na wenzake waliokuwa wakiwatibu wazazi pamoja na watoto wao wachanga waliandika kuhusu swali lako hilihili: kwa nini baadhi ya wazazi walioteswa wakiwa wadogo huwatesa watoto wao, na wengine wengi hawafanyi hivyo. Waliona kwamba waliorudia mateso mara nyingi waliweza kueleza matukio kwa kirefu, walipigwaje, waliachwa lini, ila maumivu yenyewe yalikuwa yametoweka, wanasimulia kama habari za jirani. Wale waliobaki na uchungu wao wa utotoni, wanaojua ilivyokuwa kuogopa, ndio ambao uchungu huo uliwazuia kuwafanyia watoto wao. Wewe matukio huna, ila hofu unayo, tena umemtambua binti yako kwa hofu hiyo ndani ya siku chache. Hali hiyo inakutesa, najua. Kwa mtoto wako ni kinga.

Hapo tumeshafika kwenye kumbukumbu, na kwa mtu huyo anayetaka kukufungulia.

Mama yako amekosea kuhusu kuumia, ila kuhusu kukumbuka yuko sahihi. Watu wazima wengi hawana kumbukumbu ya tukio lolote kabla ya miaka mitatu hivi, wawe wamelelewa kwa raha au kwa shida. Sehemu ya ubongo inayotunza matukio kwa mfuatano wake, hipokampasi, huchukua miaka kukomaa. Lakini sehemu inayojifunza hatari, amigdala, huwa inafanya kazi tangu mtoto anapozaliwa. Yenyewe haina habari ya nani, lini wala wapi. Inashika sauti, harufu, mwanga, sura ya mtu, na inachokifanya mwili baada ya hapo. Mtoto wa miaka miwili aliyesikia funguo, kisha kishindo, kisha kilio, tena na tena, hawezi kusimulia hata usiku mmoja baadaye. Alichobaki nacho ni kanuni: funguo zikilia, jiandae. Ubongo wako uliweka mlinzi wakati nyumba ina hatari kweli, hatari ikaondoka, na hakuna aliyempa mlinzi habari kwamba zamu yake imekwisha. Ukisikia kitasa, anafanya kazi aliyofundishwa: adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, macho yanaanza kukagua. Yote hayo yanatokea kabla hujawaza chochote, na ndiyo maana unakuta umeshasimama.

Kwa hiyo hakuna chumba kilichofungwa kinachosubiri ufunguo wa mtaalamu wako. Mtu anayekuahidi kuchimbua kumbukumbu za umri wa miaka miwili, mkimbie. Nasema hivi bila kumung'unya. Kumbukumbu ya binadamu hujengwa upya kila inapoitwa, na mtu mwenye mamlaka akikusukuma kukumbuka, unaweza kujenga kitu ambacho hakikutokea na ukakiamini kwa moyo wote. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell waliwaambia watu 24 kwamba waliwahi kupotea dukani wakiwa wadogo, jambo ambalo halikutokea. Takriban robo yao wakakumbuka, kikamilifu au kwa vipande. Kwenye miaka ya 1980 na 1990 kulikuwa na familia zilizovunjika huko Marekani kwa sababu ya tiba za namna hiyo, na wagonjwa waliotoka wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoingia. Vipande vyako viwili, mwanga na sakafu, viache hapo vilipo. Viwe vyako au vya kaka yako, huhitaji kuviamulia. Matibabu ya kweli yanashughulikia kinachotokea sasa hivi kitasa kikilia, na hicho unacho kila jioni, huhitaji kukitafuta.

Tuseme basi kuhusu kitasa. Mweleze mumeo. Si lazima umweleze yote, sentensi tatu zinatosha: nilipokuwa mdogo sauti ya funguo ilimaanisha baba anakuja kupiga, mwili wangu bado unashtuka, hauna habari kwamba ni wewe. Mwanamume anayeambiwa kwa kukakamaa kwako kwamba hapendwi anaumia, nami namwonea huruma, maana yeye hana njia ya kujua. Kisha mwombe kitu kidogo: kabla hajagusa kitasa aite jina lako kwa sauti yake ya kawaida, au akupigie simu akiwa hatua chache. Sauti yake itangulie funguo. Wengine wataona huko ni kujidekeza. Mimi nasema unaupa mwili somo jipya kwa mpangilio uleule uliopewa lile la zamani, kwa kurudia. Na kuhusu kukumbatiwa, kwa sasa wewe ndiye uanze. Ukimkumbatia kwa hiari yako, hata kwa muda mfupi, mwili unajifunza kwamba una uamuzi.

Mshtuko ukija hata hivyo, na utakuja, usipigane nao wala usijitukane. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili uisikie. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko ile uliyovuta. Kutoa pumzi kwa urefu hupunguza mapigo ya moyo, na hilo utalisikia mwenyewe ukiweka kiganja kifuani. Taja kwa sauti vitu unavyoviona: meza, pazia, kiatu cha mtoto. Sema umri wako. Inaonekana upuuzi mtu mzima kusimama sebuleni anasema "nina miaka 33," ila ule mwili ulioshtuka unajiona una miaka miwili na unahitaji kukumbushwa.

Alama zako sita sasa. Maswali hayo yametokana na utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda, ulioanza kuchapishwa mwaka 1998, uliohusisha watu wazima zaidi ya 17,000 huko California. Thuluthi mbili hivi walikuwa wamepitia angalau dhila moja kati ya zilizoulizwa, na kadiri idadi ilivyopanda ndivyo sonona, ulevi na maradhi ya moyo yalivyoonekana zaidi. Utafiti ni mzuri sana. Matumizi yake mtandaoni ndiyo yanayonikera. Takwimu zile ni za makundi ya maelfu ya watu; hazijui lolote kuhusu mtu mmoja. Anda mwenyewe mwaka 2020 aliandika na wenzake kuonya kwamba alama hizo zisitumike kumpima mtu binafsi. Maswali hayaulizi mateso yalidumu muda gani, wala kama kulikuwa na mtu mwema karibu, wala umefanya nini na maisha yako baadaye. Alama sita ni sababu ya kumwambia daktari wako historia hii, apime shinikizo la damu na akuulize kuhusu usingizi. Si tarehe ya kifo.

Unaniuliza kama umechelewa. Kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, kuanzia kabla hawajazaliwa hadi walipokuwa watu wazima. Takriban thuluthi moja ya wale waliokulia katika shida nyingi walikua watu imara. Hilo hutajwa kila mahali. Mimi linalonivutia ni la hao wengine, waliofika ujanani wakiwa wameharibikiwa kweli: wengi wao, walipofika miaka ya thelathini na arobaini, walikuwa wametulia. Kilichowasaidia mara nyingi hakikuwa cha ajabu. Ni ndoa na mtu mtulivu, masomo waliyoyarudia ukubwani, jumuiya ya imani iliyowapokea. Wewe una miaka 33 na mume ambaye hajakunyooshea kidole. Kwa hesabu za Kauai uko hasa kwenye umri ambao mambo hugeuka.

Hata hivyo, ushauri wangu wa gazetini hautoshi, nawe nataka upate mtu wa kukutana naye ana kwa ana. Tafuta mwanasaikolojia au mshauri nasaha aliyesomea tiba ya kiwewe. Ukikosa pa kuanzia, nenda hospitali yenye kitengo cha afya ya akili uombe rufaa. Uorodheshaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unatambua kiwewe changamani, kile kinachotokana na mateso ya muda mrefu au ya kujirudia ambayo mtu hakuweza kuyakimbia: mishtuko, pamoja na ugumu wa kutawala hisia, kujiona huna thamani, na shida ya kuwa karibu na watu. Sisemi ndicho ulicho nacho, hilo ataamua mtaalamu. Nakutajia ili ukienda usijione unasumbua watu kwa mambo ya kufikirika.

Siku ya kwanza wewe ndiye mwenye kuuliza maswali. Muulize amesomea wapi, anatumia tiba gani kwa watu walioumizwa wakiwa wadogo sana, na atafanya nini ukizidiwa katikati ya kikao. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba mbili kwa wenye msongo wa baada ya kiwewe: tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na mienendo inayotokana na kiwewe, na ile ambayo mgonjwa hufuatisha kwa macho kitu kinachokwenda kushoto na kulia huku akiwa ameshikilia hisia au picha inayomsumbua. Hiyo ya pili ilianzishwa na Francine Shapiro mwaka 1987, na usiikatae kwa sababu inaonekana mzaha. Yeyote utakayempata, kipimo changu ni hiki: je, ana haraka ya kukufanya usimulie? Daktari Judith Herman alieleza mwaka 1992 kwamba kupona huanza na usalama, kusimulia na kuomboleza huja baadaye, na kurudi kwa watu hufuata. Mtaalamu mzuri atatumia vikao kadhaa kukufundisha kutulia kabla hajagusa la zamani, na ukisema leo basi, ataacha. Kuna wiki utatoka umechoka na umekasirika kuliko ulivyoingia. Mwambie. Ila ukiona kila wiki ni mbaya kuliko iliyopita na yeye anasema ndivyo tiba ilivyo, badilisha.

Na ikitokea siku unawaza kujidhuru, au unaogopa kwamba mkono utamwangukia mtoto, usisubiri miadi. Mkabidhi mtoto kwa mumeo, nenda hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, uwaambie hivyo hivyo bila kupamba.

Kuhusu kumsamehe mama yako sitasema mengi, maana watu wanakusukuma huko mapema mno. Msamaha si sharti la kupona. Wapo waliopona wakasamehe, wapo waliopona wasisamehe, na wapo waliotangulia kusamehe kwa shinikizo wakagundua baadaye kwamba walikuwa wamejinyamazisha tu. Mama yako alikuwa anapigwa, akakimbia, na kukuacha kulikuumiza. Yote mawili ni kweli, huna haja ya kuchagua moja. Anaposema huwezi kuumia kwa usichokikumbuka, naona anajitetea mwenyewe, pengine tangu siku aliyoondoka. Akirudia yaliyopita si ndwele, mwambie kwa heshima: "Mama, sikulaumu leo. Natafuta matibabu, na sihitaji ukubali kitu ili niyapate." Ukishasema hivyo, badilisha mazungumzo. Ukihitaji kukaa mbali naye kwa muda, kaa. Na mtu akikuambia mateso yamekukomaza, huna wajibu wa kumshukuru wala kuyashukuru mateso. Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, waliochapisha kipimo cha ukuaji baada ya kiwewe mwaka 1996, wameeleza mara nyingi kwamba ukuaji huo hutokana na jinsi mtu anavyohangaika kujijenga upya, na kwamba unaweza kuwepo pamoja na maumivu. Aliyekuumiza hakukupa chochote.

Kuna mtu mmoja kwenye barua yako ambaye hukuniuliza habari zake. Kaka yako alikuwa na miaka saba. Miaka saba, usiku, chini ya kitanda, kiganja mdomoni mwa mdogo wake ili baba asisikie. Katika nyumba ile, huyo ndiye aliyekuwa mlezi wako. Na alipokusimulia alicheka. Nimekueleza waliyoyaona Fraiberg na wenzake kuhusu wanaosimulia bila maumivu, kwa hiyo unaelewa kwa nini kicheko hicho kimenikaa. Mpigie simu. Usimtake ushahidi zaidi wa yaliyotokea, ulionao unatosha. Mwulize yeye analala vipi. Mwambie umeamua kwenda kwa mshauri, umtajie jina na mahali ukishampata, ili siku akitaka na yeye kwenda asianze kutafuta peke yake.